Kasuku akinyamaza, wacheni habari ya pilipili

Juzi kwenye grupu letu la mtaa mtu katuma video ya kasuku wake. Ndege kajikunyata pembeni mwa tundu, manyoya yamefura, macho yamefumba nusu, na mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Chini ya video kaandika: "Bwana mkubwa kanuna, hataki kusema na mtu." Vicheko vikafuata. Kisha ushauri: mpe pilipili. Mwengine: mfunike kitambaa cheusi. Wa tatu, mtu ninayemheshimu kwa mambo mengi, akasema ndege kapigwa kijicho, asomewe. Nilipoandika kwamba apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, nikaambiwa nazidisha.

Sizidishi. Tuanze na hiyo pilipili, maana Mombasa nzima inaiamini. Ule ukali unaotutoa sisi machozi, ndege hausikii. Kasuku anatafuna pilipili kama wewe unavyotafuna kashata, na ile nyekundu ina faida yake mwilini, basi mpe akiipenda. Lakini kumfungua ulimi haimfungui, na wala sauti yake haianzii ulimini. Inatoka chini kabisa, kifuani, pale bomba la pumzi linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Ulimi unasaidia tu kuyapa maneno umbo.

Na ni hapo hapo kifuani ndipo penye balaa. Kuna ukungu unaoota kwenye karanga zilizopata unyevu, kwenye mabaki ya chakula, kwenye kinyesi kilicholowa chini ya tundu. Mbegu zake ni vumbi tu, ndege anavuta nazo pumzi. Madaktari wanaita ugonjwa huo aspajilosisi, na kasuku wa kijivu ni miongoni mwa ndege wanaoupata kwa urahisi. Ukungu ukijenga kivimbe kidogo kwenye ile njia panda ya pumzi, kitu cha kwanza kuharibika huwa ni sauti. Ndege aliyekuwa akipiga "Hodi!" mpaka wapita njia wanageuka, sasa anakwaruza. Mluzi unakatika katikati. Au anaacha maneno kabisa. Kamasi hana, mbegu anadonoa, na wewe unasema kanuna! Ukija kushtuka anapumua mdomo wazi, na hapo matibabu ni ya miezi, kama bado anatibika.

Sasa niambieni kasuku wetu wanakula nini. Alizeti asubuhi, alizeti jioni, na karanga za maganda kama zawadi. Kwa hali ya hewa yetu hii, ambapo hata chumvi inalowa kabatini, gunia la karanga likikaa dukani msimu mzima unadhani ndani kuna nini? Na alizeti tupu haina vitamini A ya kutosha. Ikipungua, ngozi laini ya ndani ya pua na koo inadhoofika, ukungu unapata pa kuingilia. Mchicha upo, karoti ipo, boga lipo, embe kila msimu. Lakini hapana, "wangu hali majani". Hali kwa sababu bakuli la alizeti haliishi kujazwa.

Jambo jengine: ndege huficha ugonjwa. Porini anayeonekana mnyonge ndiye analiwa na mwewe. Kwa hiyo siku kasuku anapokuonyesha kwamba anaumwa, ujue ameshaumwa kitambo. Mizani ya jikoni itakwambia kabla ya macho yako. Mzoeshe kupanda juu yake kila wiki, uandike. Ndege wa gramu mia nne na kitu akipoteza gramu arubaini amepoteza kama sehemu ya kumi ya mwili wake, na chini ya manyoya yale huwezi kuona chochote.

Haya, nakubali, si kila ukimya ni maradhi. Akibadilisha manyoya hupoa. Akihamishwa nyumba hunyamaza akasoma mazingira. Akibaleghe anaweza kuwa mkali, akaacha maneno akabaki na makelele. Na hakuna sheria inayomlazimisha kusema. Wapo wanaopiga mluzi maisha yao yote, basi. Ila hao wanakula, wanapanda na kushuka, wanaguguna mbao, na sauti yao haikwaruzi.

Halafu kuna mabadiliko yanayotuhusu sisi. Kasuku ni ndege wa kundi, anaita ili aitikiwe. Shangazi yangu wa Kibokoni alikuwa naye mmoja aliyejua mlio wa tuktuk na kile kikohozi cha mzee wa ghorofa ya juu. Binti wa nyumba alipoolewa Muscat, ndege akaacha tuktuk. Kila magharibi, saa ambayo binti alikuwa akirudi kazini, akawa anaita kwa sauti ya binti yule yule: "Mama, nimerudi!" Shangazi alitoka mlangoni zaidi ya mara moja. Watu wakanong'ona kuhusu majini. Majini gani? Anamwita mwenzake wa kundi, kwa neno analojua lilikuwa likifungua mlango.

Na akiitikiwa na kicheko, atafuata kicheko. Mwaka 2020 bustani moja ya wanyama huko Lincolnshire, Uingereza, iliwaweka kasuku watano wapya chumba kimoja, wakatukana kwa pamoja, na kila wageni walipocheka ndio matusi yalizidi. Ikabidi watenganishwe. Kwa hiyo unayelalamika kuwa wako kaanza maneno ya makanga wa matatu, kumbuka nani alicheka mara ya kwanza.

Najua kwa nini wengi hawaendi kwa daktari, na si uzembe tu. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini ilipigwa marufuku tangu 2017, na hapa Kenya kumfuga kunataka kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mwaka 2022 KWS walitoa msamaha ili wenye ndege wajiandikishe bila kushtakiwa, na nusu ya mtaa ikasema ni mtego. Sasa ndege anakohoa chumba cha nyuma, dirisha limefungwa jirani asisikie, na mwenyewe anamtilia dawa ya kuku kwenye maji.