Ushuru wa Ulaya si kisingizio

Makala moja niliyoisoma inadai kwamba ushuru wa Ulaya ndio unaotufanya Waganda tuuze buni badala ya kahawa iliyokaangwa. Sikubaliani. Tangu mwaka 2001, chini ya mpango wa kuziondolea ushuru nchi maskini zaidi, ule wa "kila kitu ila silaha", Umoja wa Ulaya hautozi ushuru kahawa yetu, iwe mbichi au iliyokaangwa. Kikwazo kiko hapa nyumbani: riba ya benki, umeme unaokatika, vifungashio vya kuagiza nje. Na mkulima je? Baba yangu hapa Masaka huuza kahawa ikingali mtini, kwa nusu ya bei, maana karo ya wadogo zangu haingoji mavuno. Mzee kama huyo apatiwe kwanza mkopo nafuu wa kumvusha hadi msimu, ndipo tuzungumzie viwanda.