Leseni ya baa Mombasa: mwite wakili kabla hujasaini mkataba wa nyumba

Baa nyingi hapa Mombasa hufa siku ya kusaini mkataba wa nyumba, ila mwenyewe hupata habari miezi kadhaa baadaye. Mtu anaona chumba kizuri kando ya barabara, analipa amana na kodi ya miezi mitatu, anajenga kaunta, ananunua friji na spika, kisha ndipo anakwenda kuomba leseni ya vileo. Mkaguzi akija anakuta chekechea nyuma ya ukuta. Wakili anayeitwa siku hiyo hana namna ya kuihamisha chekechea.

Maoni yangu ni kwamba tunawatumia mawakili mahali pasipofaa. Tunawalipa watutoe seli baada ya msako, au wakatuombee radhi mbele ya hakimu, wakati kazi yao yenye faida kubwa ni ya wiki mbili za mwanzo, kabla hata senti haijatoka kwa mwenye nyumba. Kazi hiyo ni ya miguu na makaratasi. Haina mbwembwe, na kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko kesi.

Tuanze na umbali, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile iliyozoeleka kwa jina la sheria ya Mututho, inataka jengo la kuuzia pombe liwe angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya upili, au taasisi nyingine yoyote ya mafunzo ya watu walio chini ya miaka 18. Watu husoma neno shule wakaishia hapo. Kwa mji kama wetu, maneno mazito ni yale ya mwisho. Madrasa ya watoto ni taasisi ya mafunzo, hata kama iko chumba cha juu cha msikiti na haina bango. Mimi nayasoma maneno hayo hivyo, na sioni kwa nini kamati ya leseni iyasome vinginevyo.

Duara la mita 300 kila upande linafunika zaidi ya hekta 28. Ukilichora duara hilo Majengo, Bondeni au Kibokoni, ni nadra litoke tupu. Kwa hiyo pima mapema. Kwanza chora mstari ulionyooka kwenye ramani ya setilaiti, kutoka ukuta wa jengo lako hadi ukuta wa taasisi iliyo karibu. Halafu pima kwa njia ya kutembea, lango kwa lango. Ikiwa mstari ulionyooka unapungua 300, usijifariji kwa kipimo cha kutembea. Tafuta jengo jingine. Ikiwa vyote viwili vimevuka, chukua ripoti fupi ya mpimaji ardhi yenye tarehe, picha na vipimo, uiweke kwenye faili.

Na usiende kupima saa nne asubuhi ya Jumanne peke yake. Watoto wa madrasa wengi huingia alasiri baada ya shule, na Jumamosi asubuhi. Aliyepita mtaani saa ambayo wako shule ataapa kwamba hakuna madrasa, na pingamizi la kwanza litakalosomwa mbele ya kamati ndilo hilo.

Baada ya umbali, ardhi. Mombasa tuna mambo ambayo wakili aliyezoea miji mingine huenda asiyaulize. La kwanza ni nyumba bila ardhi: mwenye nyumba ni mmoja, mwenye kiwanja ni mwingine. Barua ya ridhaa ya mwenye nyumba haimfungi mwenye ardhi, naye anaweza kujitokeza baada ya wewe kujenga. La pili ni wakfu. Kiwanja kilichotolewa wakfu kina masharti ya aliyekitoa, na biashara ya pombe juu yake ni ugomvi usioshindika, na kwa maoni yangu mwenye baa hastahili kuushinda. La tatu ni matumizi yaliyoandikwa kwenye hati miliki. Viwanja vingi vilivyo katika mitaa ya makazi, Nyali ikiwemo, vimetengewa makazi tu. Kubadilisha matumizi kunahitaji ombi la mipango ya ardhi kwa kaunti, tangazo na nafasi ya majirani kutoa maoni. Wakili afanye utafutaji kwenye sajili ya ardhi, akuletee matokeo ya maandishi, na usikubali nakala ya hati iliyopigwa picha kwa simu. Kwa Mji wa Kale ongeza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa: hata bango na mlango mpya vina utaratibu wake.

Hayo yakikaa sawa, ndipo mkataba wa nyumba. Kipengele kimoja ndicho kinachookoa watu: mkataba uanze kutumika leseni ikitolewa, au mpangaji awe na haki ya kujitoa na kurudishiwa amana yote leseni ikikataliwa ndani ya muda uliotajwa. Wenye nyumba hukikataa mwanzoni. Kubalianeni kodi ya nusu kwa miezi ya kusubiri. Ni hasara ndogo kuliko kulipa kodi kamili ya jumba lililofungwa. Fahamu pia kwamba mkataba usioandikwa, au wa miaka mitano kushuka chini, kwa kawaida huangukia sheria ya kulinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Mwenye nyumba hawezi kukutoa au kupandisha kodi bila ilani rasmi, na ugomvi huenda kwa mahakama maalum ya upangaji wa biashara. Lakini ulinzi huo ni wa nyumba tu. Leseni imeandikwa kwa jina la mtu na kwa jengo. Ukihama mlango wa pili, leseni haikufuati yenyewe. Ukiuza biashara, mnunuzi hairithi kwa kupewa funguo. Kuna ombi la kuhamisha, na lazima likubaliwe kwanza.

Nani anatoa leseni? Tangu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Sheria ya kitaifa ya 2010 bado ipo, na juu yake kuna sheria na ada za Kaunti ya Mombasa. Ada hubadilika kwa sheria ya fedha ya kaunti ya kila mwaka, kwa hivyo usimwamini mtu anayekutajia kiasi kwa mdomo. Taka jedwali la mwaka huu. Maombi huanzia kaunti ndogo, nazo ni sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Bamburi na Shanzu ziko Kisauni. Ukiandika Nyali kwenye fomu kwa sababu jina linavutia wateja, faili litakwenda ofisi isiyo yake.

Aina ya leseni nayo inataka fikra. Leseni ya baa ya kawaida chini ya sheria ya kitaifa inaruhusu kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu. Mtu anayepanga kuuza samaki na bia wakati wa chakula cha mchana, kisha akachukua leseni ya baa kwa kuwa ndiyo aliyoambiwa na jirani, amejitengenezea kesi kila siku saa saba. Hoteli, mkahawa, duka la chupa za kwenda nazo, muuzaji wa jumla, kila mmoja ana leseni yake na masharti yake. Mkahawa kwa mfano unatarajiwa kuuza pombe kwa watu wanaokula. Jiko lisilowashwa, na menyu ya mapambo, mkaguzi huviona mara moja. Chagua leseni kwa jinsi biashara itakavyoendeshwa kweli.

Faili lenyewe halina siri. Usajili wa biashara au kampuni, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha kuzuia moto, ripoti ya afisa wa afya ya umma, vyeti vya afya vya wahudumu wa chakula ambavyo hufanywa upya kila miezi sita, mkataba wa nyumba, ramani ya jengo. Kinachoangusha faili ni majina kutolingana: kampuni kwenye kibali cha biashara, mtu binafsi kwenye mkataba, jina la baa kwenye cheti cha moto. Wakili mzuri hukaa nusu siku akilinganisha herufi, namba ya kiwanja na anwani katika kila karatasi.

Ombi likishapokelewa hutangazwa ili wananchi waweke pingamizi. Hapa nasema wazi: anayepinga si adui. Mwalimu mkuu, imamu, mama wa nyumba ya pili mwenye mtoto mchanga, wote wana haki ya kusikilizwa, na barua zao zina uzito kwa kamati, inavyostahili. Tusisahau Kirinyaga, Februari 2024, watu walipokufa kwa pombe yenye sumu. Mwezi uliofuata serikali ilitangaza masharti makali na misako ikafuata. Jibu pingamizi kwa vitu vinavyoonekana: ripoti ya umbali, mpango wa walinzi, mlango unaofunguka upande wa barabara kuu na si uchochoroni, saa ya kuzima muziki iliyoandikwa na kusainiwa. Kujibu kwa kuleta kundi la vijana wapige makofi ukumbini ni kujiharibia.

Kelele inataka aya yake. Kanuni za mazingira za 2009 ziliweka kiwango cha nje cha desibeli 55 mchana na 35 usiku kwa eneo la makazi lililochanganyika na biashara na sehemu za burudani, na usiku wa kanuni hizo unaanza saa mbili na dakika moja. Desibeli 35 ni chumba tulivu chenye mnong'ono. Paa la makuti, ambalo sote tunalipenda kwa baridi yake, halizuii sauti hata kidogo; besi hupita kama hakuna kitu. Mwenye makuti anayetaka muziki wa usiku ajenge chumba cha ndani chenye dari ngumu na milango miwili inayofuatana, spika za besi zisiguse ukuta wa jirani. Na makuti hayo hayo ndiyo yanayomtia wasiwasi mkaguzi wa moto: mitungi ya gesi iwe nje, jiko lisikae chini ya paa la makuti, vizima moto viwe na tarehe za ukaguzi zinazosomeka.

Baada ya leseni, hatari huhamia kwenye chupa. Kila chupa iwe na stempu ya ushuru, na stempu huhakikiwa kwa programu ya simu ya KRA iitwayo Soma Label. Kagua kreti zikiwa bado mlangoni, mbele ya dereva, na hifadhi ankara ya kila shehena. Bei ikiwa chini mno kuliko ya wasambazaji wengine, rudisha. Chupa moja isiyo na stempu kwenye rafu yako ni yako, hata ukisema uliletewa.

Kamati ikikataa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaieleza zaidi. Lakini sheria hiyo hiyo inakutaka umalize kwanza njia za rufaa zilizo ndani ya mfumo wa leseni kabla ya kugonga Mahakama Kuu. Kesi nyingi hutupwa kwa kuruka hatua hii, na muda wa rufaa ya ndani huwa umepita.

Wenye meza mchangani Nyali, Bamburi na Shanzu wamekuwa na wasiwasi tangu Julai 2025, ilipozinduliwa sera ya kitaifa inayopendekeza umri wa kunywa upande hadi miaka 21 na pombe isiuzwe fuoni. Sera si sheria. Afisa anayefunga duka kwa kutaja sera peke yake aombwe, kwa heshima, ataje kifungu cha sheria. Lakini anayesaini leo mkataba wa miaka mingi wa kibanda cha ufuoni aweke kipengele cha kujitoa sheria ikibadilika.

Siku ya msako, onyesha leseni, usifiche chupa, usitoe kitu chini ya meza. Taka orodha ya kila kinachochukuliwa, yenye saini na namba ya afisa. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda umeishia wikendi. Dhamana ya pesa taslimu ina risiti rasmi.

Kuhusu wakili mwenyewe: hakikisha ana cheti cha mwaka huu kwa kutafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya. Muulize faili ngapi za vileo amepeleka mbele ya kamati, tofauti na kesi za jinai. Mwandikiane kazi na ada kwa hatua: utafutaji wa ardhi na umbali, mkataba, ombi, kikao. Broka anayekwambia ana mtu wake ndani hana cheti chochote, na pesa ikipotea hakuna wa kumshtaki kwake. Ada ya leseni ilipwe kwa njia rasmi ya kaunti, risiti itoke kwa jina la biashara. Risiti hiyo si leseni. Ni ushahidi wa malipo tu. Na kwa kuwa leseni ni ya miezi 12, weka tarehe ya kuomba upya miezi mitatu kabla haijaisha, si wiki ya mwisho, maana vyeti vya moto na afya navyo vitakuwa vinataka kukaguliwa upya.