Siku za mwizi huyu hazijatimia arobaini

Juzi nilikaa na mpwa wangu kuangalia The Castle of Cagliostro, filamu ya katuni ya Kijapani. Kwangu ni mara ya kumi au ya kumi na mbili, kwake ya kwanza. Tumefika pale mwizi Lupin na mwenzake Jigen wanapochomoka na mali ya kasino, kigari kimefurika noti mpaka wenyewe wamezama humo ndani, dada akapita sebuleni. Akasimama. Akatazama. Akauliza kwa ile sauti yake ya ukubwa: "Kwa hiyo mdogo wangu, kazi uliyojipa leo ni kumfundisha mwanangu wizi?"

Nikanyamaza, maana ndiye mkubwa. Ila jibu lilinikaa kooni, na nimekuja kulitema hapa.

Angevumilia dakika mbili tu angemwona Lupin akiokota noti moja, anaitazama vizuri, uso unambadilika. Bandia. Zote bandia! Wanazimwaga barabarani kama makapi. Ni sifa gani za wizi hizo, wezi wanapoanza kwa kutupa walichoiba? Haya, najua, hawakuzitupa kwa ucha Mungu. Walizitupa kwa sababu mwizi mwenye jina lake haonekani na noti feki. Hapo dada angenibana, na ningekubali, shingo upande.

Halafu huyu si mwizi wa jana. Babu yake ni Arsène Lupin, aliyebuniwa na Mfaransa Maurice Leblanc mwaka 1905. Mjukuu alizaliwa Japani mwaka 1967, kwenye katuni za jarida za mchoraji Monkey Punch, mhuni asiye na haya hata kidogo. Hayao Miyazaki akamchukua mwaka 1979 kwa filamu yake ndefu ya kwanza, akamvisha koti la kijani na kumkabidhi Fiat 500 ya njano. Wapo wanaolalamika mpaka leo kwamba alimlainisha mno, akamng'oa meno. Wana hoja. Yule wa Monkey Punch asingembusu Clarisse, msichana anayemwokoa, kwenye paji la uso akajiendea zake. Lakini leo ugomvi wangu ni na dada, hao wasubiri.

Na ugomvi wenyewe ni huu. Watu wakiona mwizi mcheshi kwenye katuni wanamkodolea macho yeye tu, wanapima ni mwema au mbaya, atamharibu mtoto au hatamharibu. Mimi nasema mtazame anayemfukuza. Mwizi wa namna hii anabebwa na polisi wake. Polisi akiwa mbumbumbu wa kujikwaa kila mlango, kumshinda yeye ni kushinda nini? Akiwa mla rushwa, mwizi anageuka mtakatifu bila kutoa jasho, na filamu nzima inakuwa mahubiri yenye vichekesho. Nimezichoka hizo. Mwizi anaiba dakika kumi, dakika themanini zilizobaki anaombewa msamaha.

Inspekta Zenigata si mbumbumbu wala mla rushwa. Ana koti lake refu, ana pingu zake, na ana jambo moja tu duniani: kumtia Lupin mbaroni. Ni mwaminifu kiasi cha kukera. Kule kwenye kasri, la bwana anayemlazimisha Clarisse kuolewa naye, anatumbukia shimoni alimo Lupin, katikati ya mifupa ya waliowatangulia. Wanapojinasua wanaibukia kwenye mtambo wa kuchapa noti, marundo kwa marundo ya fedha bandia za nchi mbalimbali. Anakubali kushirikiana na mwizi, lakini mpaka watoke tu. Wakishatoka, pingu ziko palepale.

Akaenda Interpol, polisi wa kimataifa, kuripoti, kama kanuni inavyotaka. Unajua kilichotokea? Wajumbe wakaanza kunyoosheana vidole, nchi hii ikiituhumu ile, na kesi ikazikwa, kwa sababu mwenye kasri ana marafiki wakubwa. Tazama uso wake pale anapoambiwa haiwezekani. Ni mchoro tu, wino na rangi, lakini mimi pale huwa sicheki.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kuwapeleleza wachapaji noti amekatazwa, ila kumfukuza Lupin hajakatazwa. Basi siku ya harusi anamfukuza Lupin! Anashuka ngazi za kasri, nyuma yake Fujiko, mwizi mwenzake Lupin, na kamera ya televisheni inayorusha moja kwa moja, mpaka mbele ya mtambo. Na hapo mzee anaanza kuigiza. Vibaya mno. Anashika noti, anashtuka kama mtoto aliyepewa nafasi ya mti kwenye mchezo wa shule: lo, hizi si noti bandia hizi? Nilikuwa namfukuza Lupin tu, tazama nilichokutana nacho! Sasa nifanyeje?

Mpwa wangu alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Akiwa chini pale akauliza, "Mjomba, kwani alikuwa hajui?"

"Alikuwa anajua."

"Sasa mbona anajifanya?"

"Wakubwa zake walimkataza kujua."

Akafikiri kidogo. "Basi na yeye mjanja kama Lupin."

Dada angekuwepo kusikia hilo! Sisi sote tumekuzwa na Sungura na Abunuwasi, matapeli wakubwa wote wawili, na sikumbuki mzazi aliyezima koroboi kwa hofu kwamba tutageuka wezi.

Lupin mwenyewe naye hanyimwi aibu zake. Usiku ule juu ya paa, anakwenda kwenye mnara alikofungiwa Clarisse, ana kiroketi chake chenye kamba, mpango umekamilika. Kiberiti kinagoma kuwaka. Kiroketi kinamponyoka, kinateleza kwenye vigae, naye anakikimbilia, mteremko unamzidi, miguu haishikiki tena, hana la kufanya ila kuruka. Bingwa wa wezi, mpango wake umeibwa na mteremko. Anafanikiwa, ndiyo, lakini kwa namna ambayo hakuna mwenye akili angejaribu kuiga.

Kila mtu hunukuu maneno ya Zenigata ya mwisho, kwamba Lupin ameiba kitu kikubwa, moyo wa Clarisse. Mazuri, sikatai. Ila watu huyanukuu kana kwamba Lupin ndiye aliyeyasema. Aliyeyasema ni polisi, kwa heshima zote, kisha akarudi garini na kuendelea na msako.

Dada alirudi sebuleni wakati huo huo, chai mkononi. Akaegemea mkono wa kochi, akaziangalia gari zinavyopotelea barabarani. "Wamemkamata?"

"Bado," mwanawe akamjibu, bila kugeuka. "Mama, kaa."