Ukijikaza kisabuni, goti nani atalilipa?

Vijana wetu walioingia jeshi la Marekani, wengine kupitia MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi maalumu, uliokihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha zinazohitajika, hawakupata taabu kujifunza kunyamaza. Nyumbani tulishaambiwa tujikaze. Jeshini ukiteguka goti na mzigo mgongoni, unameza kidonge na kuendelea, maana anayeshinda kliniki huitwa mtegeaji.

Miaka inapita, goti linavimba kila ukipanda ngazi, unapeleka madai ya fidia ya ulemavu kwa VA, idara ya Marekani inayohudumia askari wa zamani. Wanataka mambo matatu: ugonjwa ulio nao leo, tukio la kazini, na daktari wa kuunganisha hayo mawili. Kwenye tukio, faili yako ya matibabu ya jeshini ni tupu. Kwangu mimi, kumhesabia askari ukimya huo kama dalili ya afya ni dhuluma, kwa sababu jeshi lenyewe ndilo lililomsifia uvumilivu.

Halafu kuna jedwali la VA la kupima ulemavu kwa asilimia, na asilimia hizo ndizo zinazoamua malipo ya kila mwezi. Goti zima hukunjika hadi digrii 140. Likikomea 60, jedwali la kukunja linatoa asilimia 0. Likikomea 45, asilimia 10. Hebu jaribu kuchuchumaa na goti la digrii 60! Afadhali kuna kanuni nyingine: kiungo kinachouma kikisogezwa kinastahili angalau kiwango cha chini cha malipo. Na mwaka 2018, katika kesi ya Saunders, askari wa zamani, mahakama ya rufaa ilikubali kwamba maumivu yanayomzuia mtu kufanya kazi yanaweza kuwa ulemavu hata yasipopewa jina la ugonjwa.

Lakini sheria haikusaidii ukifika kwa mpimaji na heshima zako. Anaweka kipimo cha plastiki kando ya goti, anasema kunja, nawe unakunja mpaka mwisho, umeuma meno, jasho linakutoka. Anaandika digrii, basi. Mwambie, "Hapa ndipo panaanza kuuma." Mweleze na zile siku mbaya unaposhuka ngazi kinyumenyume. Kama faili haina kitu, askari mwenzako aliyekuona ukichechemea aandike alichokiona; mkeo au mumeo pia. Nyonga na mgongo vikiharibika kwa sababu ya goti hilo, navyo vidai.

Wapo wanaotucheka kwamba tunatafuta pesa za bwerere. Matapeli hawakosekani, sikatai. Ila asilimia 10 haifiki dola 200 kwa mwezi, na kwa goti la kudumu sioni bwerere iko wapi.