Mcheza kwao hutunzwa, na kwao ni Melbourne

Usiku wa tarehe 19 Agosti 2023 nilikuwa Adelaide Oval na jirani yangu, mzee mmoja wa Uvira ambaye ndiye aliyenifundisha kuupenda mpira wa Australia, ule unaochezwa kwa mikono na miguu. Ilikuwa imebaki dakika moja na ushee, na Adelaide Crows tulikuwa nyuma ya Sydney Swans. Ben Keays akaupiga mpira, ukapita katikati ya zile nguzo mbili ndefu, naye akawakimbilia mashabiki kushangilia. Tukakumbatiana na watu tusiowajua. Kumbe refa wa goli ameamua kwamba mpira umegusa nguzo. Ukipita safi ni pointi sita, ukigusa nguzo ni moja. Wala hakuomba picha za video zirudiwe. Tukafungwa kwa pointi moja, na nafasi yetu ya kuingia hatua ya mtoano ikafia pale. Kesho yake ligi ikakiri kuwa refa alikosea, lakini matokeo yakabaki yaleyale.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kila wiki nasikia watu wakisema marefa wanaibeba timu ya nyumbani. Mchezaji akikamatwa na mpira na asiuachie kwa njia halali, uwanja mzima hupiga ukelele mmoja mrefu, "Booool!", kumdai refa adhabu. Refa naye ana masikio. Nakubali kabisa kwamba kelele za watu elfu hamsini zinaweza kumsukuma apulize kipenga pale ambapo angenyamaza. Lakini usiku ule wenye kelele tulikuwa sisi, tulikuwa kwetu, na bado tulidhulumiwa. Kosa la refa leo litanipata mimi, kesho litampata mwingine. Mimi linaloniuma ni jambo ambalo si kosa la mtu yeyote aliyeshika kipenga. Limekaliwa kikao, likaandikwa, likatiwa saini.

Ligi hii, AFL, ina timu 18, na 10 kati ya hizo ni za jimbo la Victoria: tisa za Melbourne na moja ya Geelong. Nane zilizobaki zimetawanyika Adelaide, Perth, Sydney, Brisbane na Gold Coast. Timu hucheza msimu mzima kutafuta nafasi ya juu, kwa sababu anayemaliza juu huanza mtoano akiwa nyumbani. Mpaka hapo ni haki. Ila mechi kubwa kuliko zote, Fainali Kuu, huchezwa kwenye uwanja wa MCG, katikati ya Melbourne, hata kama timu iliyoongoza ligi inatoka upande wa pili wa nchi. Mkataba wa kuiweka pale unakwenda hadi mwaka 2059.

Wapenzi wa soka kule Dar wana msemo, "Kwa Mkapa hatoki mtu." Ni msemo mtamu, na timu inayoutumia inakuwa imepangiwa kweli mechi ya nyumbani, kisha nayo itafunga safari ya ugenini. Sasa fikiria fainali ya nchi nzima ipigwe Kwa Mkapa kila mwaka, Simba au Yanga wakiwa ndani, halafu uambiwe huo ni uwanja wa wote.

Mwaka 2017 ndio uliotufungua macho. Crows tulimaliza vinara wa ligi. Richmond walimaliza wa tatu, nyuma ya Geelong. Mechi yao ya kwanza ya mtoano ilikuwa dhidi ya Geelong, na kwa msimamo wa ligi mwenyeji alikuwa Geelong. Geelong wana uwanja wao, Kardinia Park, mwembamba kuliko MCG, ambao wameuzoea kama sebule yao. Ligi ikaipeleka mechi MCG, uwanja ambao Richmond ndiko nyumbani kwao. Richmond wakashinda kwa pointi 51. Nusu fainali yao na GWS, timu ya Sydney, ikapigwa MCG. Fainali ikapigwa MCG. Kwa hiyo timu ya tatu haikusafiri hata mara moja mtoano wote, na timu ya kwanza ikapanda ndege kwenda kucheza fainali ugenini.

Siku ya fainali tuliangalia nyumbani kwangu, Salisbury. Sebule ilijaa, mke wangu alikuwa amekaanga maandazi, na binti yetu aliyezaliwa mwaka uleule alikuwa amelala mgongoni kwa shangazi yake. Robo ya kwanza tuliongoza, tukapiga kelele mpaka mtoto akashtuka. Kisha Richmond wakaanza kutukaba, na kila walipogusa mpira ile televisheni ilikuwa kama inatetemeka. Zaidi ya watu 100,000 uwanjani, na jezi za manjano na nyeusi kila kamera ilipogeukia. Mzee wa Uvira akaweka kikombe chake chini akaniambia, "Mwanangu, hawa wako kwao. Sisi tumefika tu." Tukafungwa kwa pointi 48.

Sisemi Richmond hawakustahili. Dustin Martin mwaka huo alibeba medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa msimu, na ile ya mchezaji bora wa fainali pia, na klabu ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 1980. Walikuwa bora siku ile, pengine wangetushinda hata Adelaide. Ninachodai ni kwamba tuliipigania haki ya kucheza kwetu, tukaipata kwa jasho la msimu mzima, na ikafika siku ya fainali haki hiyo haina thamani.

Kuna wanaonijibu kwa West Coast, waliotoka Perth mwaka 2018 na kuwafunga Collingwood palepale MCG kwa pointi tano. Wanaongeza Brisbane, mabingwa wa 2024 na 2025. Ni kweli, na heshima yao naitoa. Lakini fainali ya 2024 Brisbane walicheza na Sydney, wageni wawili, hakuna mwenyeji. Hao hao Brisbane mwaka 2004 walinyimwa hata mechi ya kabla ya fainali waliyostahili kuicheza Gabba, uwanja wao wa nyumbani, wakapelekwa MCG kucheza na Geelong kwa sababu mkataba wa wakati huo ulitaka hivyo. Walishinda, wiki iliyofuata wakafungwa na Port Adelaide. Mgeni kushinda hakufuti kwamba alipandishiwa mlima.

Na uonevu huu hauishii Septemba, mwezi wa mtoano. Tazama usajili. Vijana huchaguliwa kwa zamu, timu ya mwisho ikitangulia, na kijana wa miaka 18 hana kauli juu ya mji atakaopelekwa. Wengi wanatoka Victoria. Unamlea, unamfundisha, mkataba ukikaribia kuisha anasema nataka kurudi nyumbani. Patrick Dangerfield alikuja kwetu kwenye uchaguzi wa 2007, akaondoka baada ya msimu wa 2015 kurudi Geelong, na msimu wake wa kwanza kule akatwaa Brownlow. Jake Lever alicheza nasi ile fainali ya 2017, wiki chache baadaye akahamia klabu ya Melbourne, na 2021 akawa bingwa. Siwalaumu, mtu kwao. Nasi tulimpata Izak Rankine, kijana wa hapa Kusini mwa Australia, kutoka Gold Coast kwa njia hiyohiyo. Lakini hesabu ukiipiga kwa miaka mingi, mto unatiririka zaidi kuelekea Melbourne.

Kwa kuwa nimemtaja Rankine, niseme na hili. Agosti 2025 alifungiwa mechi nne kwa kumtolea mchezaji wa Collingwood tusi la kuwadhalilisha mashoga. Tulikuwa tena vinara wa ligi, tukaingia mtoano bila yeye, tukafungwa na Collingwood na kisha Hawthorn, zote hapa hapa Adelaide. Mashabiki wenzangu wengi walitaka asamehewe kwa sababu fainali zimekaribia. Mimi nilisema, na bado nasema, adhabu ile ilikuwa sawa. Huwezi kulilia haki ya uwanja halafu ukaomba sheria ilegezwe mchezaji wako anapokosa.

Watetezi wa MCG wana hoja moja nzito: nafasi. Adelaide Oval inachukua watu elfu hamsini na kitu, uwanja wa Perth elfu sitini, MCG laki moja. Tiketi ni fedha. Lakini mwaka 2020 fainali ilipigwa Gabba, na 2021 ikapigwa Perth, kwa sababu ya korona, na ubingwa wa Richmond na wa Melbourne hakuna anayeutilia shaka. Tangu 2023 ligi yenyewe huleta mechi zote tisa za wiki moja hapa Kusini mwa Australia. Kumbe ikitaka kusafiri, inasafiri.

Basi mpaka mkataba uishe, angalau ratiba itende haki. Kila timu ya nje ya Victoria ipewe mechi za kutosha MCG ndani ya msimu, wachezaji wauzoee upana wake na upepo wake. Na mtoano wa kabla ya fainali uchezwe pale msimamo wa ligi unapoelekeza, bila kisingizio.

Binti yangu siku hizi anashangilia Port Adelaide, mahasimu wetu, kwa sababu ya Aliir Aliir, beki aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, na akafika hadi kikosi bora cha ligi mwaka 2021. Anaiweka jezi yake kitandani. Juzi aliniuliza kama Port wakiwa wa kwanza fainali itakuja hapa, na yeye ataenda. Mkataba ukiisha atakuwa na miaka 42.