Gemu za Windows kwenye Steam Deck: mashine inaweza, mwenye gemu je?

Ukitaka kununua Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi ya Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, au mashine yoyote ya mkononi inayotumia mfumo wa Linux badala ya Windows, swali la kwanza ni lilelile, gemu zangu za Windows zitakubali humo? Ukiuliza utapata kambi mbili, moja itakwambia kila kitu kinakubali na Windows haina kazi tena, nyingine itakwambia usichome hela, chukua yenye Windows ulale usingizi. Mimi naona kambi zote mbili zina ukweli ila hazibishani kitu kimoja, wa kwanza anaongelea uwezo wa mashine, wa pili anaongelea ruhusa ya mwenye gemu, na hayo mambo mawili yameachana sana miaka ya karibuni.

Upande wa ufundi kwanza, maana kazi iliyofanyika hapo ni kubwa na watu wengi hawaijui. Deck ilitoka mwishoni mwa Februari 2022, ndani ina SteamOS ambayo ni Linux ya ukoo wa Arch, wakati sehemu kubwa ya gemu za Steam zimeandikwa kwa Windows tu. Kinachoziwasha ni Proton, Valve waliitoa Agosti 2018 wakishirikiana na CodeWeavers, na yenyewe imejengwa juu ya Wine, mradi ulioanza 1993, yani hapo nyuma kuna zaidi ya miaka 30 ya watu kukaa kuchunguza Windows ikiulizwa hiki inajibu nini. Gemu ikiomba faili, ikiomba sauti, ikiomba kufungua dirisha, Wine inaijibu vilevile Windows ingejibu. Kizingiti kilikuwa michoro, gemu zinaongea Direct3D, lugha ya michoro ya Microsoft, na Linux haina hicho kitu, ndio ikaja DXVK ambayo inachukua Direct3D ya 8 mpaka 11 inaigeuza kuwa Vulkan, lugha ya michoro ambayo Linux inaijua, ya 12 ina ya kwake, VKD3D-Proton. Prosesa ya Deck ni AMD ya kawaida ya x86 kama ya PC yoyote ile, kwahiyo haiigizi prosesa nyingine, ndio maana gemu haipungui kasi sana, na kuna wakati inazidi.

Inazidi kweli, sio maneno ya mashabiki. Elden Ring ilivyotoka Februari 2022 ilikuwa inakwamakwama kwenye PC za Windows hata zenye kadi nzito, mafundi wa Valve wakarekebisha kwenye Proton na Deck ikawa inaenda laini zaidi ya mashine zilizoizidi nguvu mara nyingi. Alafu 2025 Lenovo wakaleta Legion Go S yenye SteamOS, ambayo mashine hiyohiyo ipo pia na Windows 11, Ars Technica wakazipima kwa gemu tano na SteamOS ikaongoza kwenye nne. Hapo hujaongelea kulala na kuamka, unabonyeza batani katikati ya mechi, unaiweka kwenye begi, ukirudi unabonyeza tena unaendelea palepale, kitu ambacho Windows kwenye mashine za mkononi imekuwa ikisumbuka nacho muda mrefu.

Ila huo ulaini una gharama yake, na hapa naongea na sisi tunaonunua bando. Sababu moja kubwa ya Deck kutokwamakwama ni kwamba Deck zote zina kadi ya michoro ya aina moja, kwahiyo Valve wanaweza kukutumia sheda, zile programu ndogo zinazoielekeza kadi jinsi ya kuchora, zikiwa zimeshaandaliwa badala ya mashine yako kuziandaa wakati unacheza. Safi sana, lakini zinashushwa kwa intaneti, kwa baadhi ya gemu ni gigabaiti nzima nzima, na gemu ikipata apdeti au Proton ikibadilika inaweza kushusha tena. Mtu mwenye faiba nyumbani hatajua hata kama hicho kitu kipo. Mtu anayewasha hotspot ya simu atajua mapema sana. Unaweza kuzima kwenye setingi, ila ukizima ujue baadhi ya gemu zitaanza kukwama mara za mwanzo, chagua maumivu yako. Na kuna nyingine ya namna hiyo, gemu zenye Denuvo, ulinzi wa kuzuia gemu kuibiwa, huwa zinaona kila toleo la Proton unalobadili kama kompyuta mpya, ukijaribu matoleo kadhaa siku moja ukitafuta lipi linakubali, gemu inakufungia mpaka kesho yake na hela ulishalipa.

Makosa madogo ya kiufundi bado yapo pia. Kuna gemu video zake za hadithi hazionekani, unaona mistari ya rangi kama TV ya zamani kabla stesheni haijafungua, kwasababu zimetumia kodeki (njia za kubana na kufungua video) za Microsoft zenye leseni zao. Kuna zile zinazokulazimisha upitie launcha, yani programu ya kufungulia gemu, ya kampuni yake kabla ya kufika kwenye gemu, na launcha ndio inakufa. Maandishi madogo kwenye skrini ya inchi 7. Kwa haya simlaumu mtu, yanapungua mwaka hadi mwaka, na mara nyingi Proton-GE, ile inayotengenezwa na watu wa kujitolea, inakuwa imeshatibu kabla ya Valve.

Sasa tuje kwenye ruhusa, ambayo mimi ndio naiona kiini cha mjadala mzima.

Septemba 2021, kabla Deck haijatoka, Easy Anti-Cheat na BattlEye, hizi antichiti (programu za kukamata wanaochiti kwenye gemu za onlaini) mbili zinazotumika sana, zote zilitangaza kwamba zitakubali Proton, mwenye gemu akitaka awashe. Akitaka. Neno lote limekaa hapo. Elden Ring wakawasha, Halo: The Master Chief Collection ya Microsoft wenyewe ikawasha, Apex Legends wakawasha 2022 na ikapewa alama ya kijani ya Verified, ambayo Valve wanaipa gemu waliyoipima wakaona inakubali vizuri kwenye Deck. Watu wakanunua mashine kwa kuangalia alama ile. Tarehe 31 Oktoba 2024 Apex wakafunga Linux yote. Mwezi mmoja na nusu kabla, Rockstar, wenye GTA, walikuwa wameweka BattlEye kwenye GTA Online bila kuwasha upande wa Proton, watu waliokuwa wanaingia na Deck miaka miwili wakaanza kutupwa nje. League of Legends mwaka huohuo ikaleta antichiti ya Vanguard, nayo ikaondoka Linux. Fortnite haijawahi kuingia kabisa, Destiny 2 hivohivo, na Battlefield 6 ya 2025 inataka Secure Boot, ulinzi unaokagua mashine wakati inawaka, juu ya antichiti yake.

Angalia vizuri, kwenye hizo zote hakuna hata moja iliyoondoka kwasababu Proton ilishindwa kuiendesha. Apex ya tarehe 30 na ya tarehe 31 ni gemu ileile kwenye mashine ileile.

Lakini waliofunga nao wana hoja na ni vibaya kuwasikiliza nusu. Kwenye Windows antichiti inaingia mpaka kwenye keneli, kiini cha mfumo kinachoona kila kitu, ikiwa ni draiva iliyosainiwa na Microsoft, na Secure Boot inasaidia kuhakikisha hakuna kitu kilichojipenyeza kabla yake. Kwenye Linux mwenye mashine ana haki ya kujenga keneli yake mwenyewe, sasa ukiwa na keneli uliyoijenga unaweza kuifanya imdanganye yeyote anayeiuliza, na antichiti iliyo ndani ya Proton imekaa juu huko haioni chini. Tatizo lenyewe hata sio mwenye Deck, jamaa mwenye PC ya mezani anayetaka kuchiti anaweza kuweka Linux kwa ajili tu ya kupita kwenye mlango dhaifu, na watu wa Apex walisema kabisa kwamba Linux imekuwa njia ya chiti nzito na kwamba hawawezi kutofautisha Deck halali na mtu anayejifanya Deck. Tim Sweeney, bosi wa Epic wenye Fortnite, alishasema kitu kinachofanana mwaka 2022 kuhusu gemu hiyo. Na biashara ni biashara, kwenye takwimu za Steam za Oktoba 2025 Linux ilivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza, ukiwa wewe ndio meneja utaajiri timu ya kulinda mlango wa asilimia 3?

Mtu aliyewahi kucheza mechi za renki siku nzima alafu akakutana na jamaa anayeona kupitia ukuta hawezi kuidharau hiyo hoja. Mimi siidharau. Ninachokataa ni pale inapotanuliwa. Kwanza antichiti ya keneli haijamaliza kuchiti kwenye Windows, watu wananunua kadi za DMA zinazosoma memori ya gemu wakiwa kwenye kompyuta ya pili kabisa, antichiti inabaki inatafuta. Pili kuna gemu kubwa za onlaini zinazokubali Proton mpaka leo na hazijafa, Helldivers 2, Marvel Rivals, na hao wa Rivals walipowafungia watu wa Proton kimakosa walirekebisha wakawafungulia.

Tatu, na hii ndio inanikera zaidi, kuna gemu zinazofungwa hata sehemu ambayo hakuna mtu wa kumchiti. EA Sports FC tangu wakati ikiitwa FIFA 23 ina antichiti ya EA ambayo lazima iwake ndio gemu ifunguke, kwahiyo kwenye Deck huwezi hata kucheza peke yako dhidi ya kompyuta ukiwa huna intaneti. Naelewa Ultimate Team, ile sehemu ya onlaini ya kujenga timu yako kwa kununua wachezaji, ndipo hela ilipo na lazima ilindwe. Basi fungeni Ultimate Team, mniachie msimu wangu wa ukocha. GTA kwa hilo wamekuwa waungwana zaidi, onlaini imefungwa ila hadithi yake bado inakubali vizuri.

Na mnunuzi hapo hana pa kukimbilia. Steam wanarudisha hela ndani ya wiki mbili tangu ununue na ukiwa umecheza chini ya saa mbili, gemu iliyofungwa baada ya miaka miwili haimo. Alama ya kijani nayo inaeleza hali ya siku iliyopimwa, haimfungi mwenye gemu kwa lolote, na kwa maoni yangu Valve wangepaswa kuandika wazi pembeni yake kwamba onlaini ya gemu hii inategemea uamuzi wa kampuni fulani. Kwa mtu wa kwetu inauma mara mbili, Valve hawaiuzi Deck rasmi Afrika Mashariki, unaagiza au unamnunua aliyeagiza, waranti hakuna wa kumuona, huwezi kujaribu wiki moja ukarudisha.

Wanaosema chukua ya Windows nao hawajamaliza kila kitu. Ndio, antichiti zote zinakubali, Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia gemu kwa mwezi, inashuka na kucheza palepale, kitu ambacho SteamOS haina. Lakini ROG Xbox Ally ya Oktoba 2025 imekuja na sura mpya ya Xbox inayoruka kuwasha vitu vingi vya desktop, na mimi nasoma hapo Microsoft wenyewe wakikubali kwamba Windows ya kawaida ni nzito mno kwa mashine ya kushika mkononi. Deck nayo unaweza kuipiga Windows, draiva Valve wametoa, ila unakuwa umenunua mashine kwa ajili ya ule ulaini wake alafu umeutoa.

Kwahiyo mtu akiniuliza mimi simuulizi anapenda Linux au Windows, namuuliza anacheza nini mwezi huu. Akisema gemu za hadithi, za zamani, indi, RPG ndefu, namwambia chukua Deck au Legion Go S yenye SteamOS bila wasiwasi. Akisema FC na washkaji, Fortnite, Warzone, namwambia wazi asinunue, hata kama Deck imeshuka bei kiasi gani. Na akisema anacheza shuta moja tu ya onlaini ambayo leo inakubali, huyo ndio wa kumwambia asiiwekee hela ambayo itamuuma siku wenye gemu wakibadili mawazo.