Reki ya poka na makato ya korosho

Mkulima wa Newala akiuza korosho mnadani, bei anayoisikia siyo anayoipokea. Kuna ushuru, kuna chama cha msingi, kuna chama kikuu, kuna ghala. Atanung'unika, lakini makato anayajua, na yakiongezeka hata kidogo vijiwe vyote vya kahawa vitajua. Mtu huyohuyo akilipwa, akapanda basi kwenda Dar na kukaa kwenye meza ya poka, kamari ya karata, anakatwa usiku kucha na hahesabu.

Kwenye poka wachezaji wanakulana wenyewe. Kasino haina karata mezani. Inajilipa kwa kuchota kwenye fungu la kila mchezo, yaani pesa zote zilizowekwa dau, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, kwa kikomo maalumu. Wenyewe wanaita reki, na jina limekaa mahali pake: ni ileile ya kukusanyia majani. Mezani kuna tundu la reki, na kuna la pili, ambamo mgawaji wa karata hutumbukiza chipu, kidude kinachosimama badala ya pesa, ya jakipoti, zawadi kubwa inayolimbikizwa.

Tuseme watu 9 wamekaa, kila mmoja na laki mbili. Kila mchezo zinaondoka 4,000 za reki na 1,000 za jakipoti. Michezo 30 kwa saa ni 150,000. Milioni 1.8 yote ya meza inakwisha kwa saa 12, hata kama hakuna aliyemzidi mwenzake akili. Si kila fungu linafikia kikomo, kweli, lakini mwelekeo ni huo.

Kasino nayo ina hoja. Mgawaji analipwa, mlinzi analipwa, na ukishinda hakuna wa kukukimbia na pesa zako, tofauti na kamari za uchochoroni. Tena haina faida ya pekee wewe ukishindwa. Hapo siioni dhuluma.

Ninachokipinga ni kikomo. Kikiwa 4,000 kwa asilimia 10, fungu la 40,000 linalipa 4,000, na la 400,000 linalipa 4,000 hiyohiyo. Meza ya wanyonge ndiyo inayobeba mzigo. Mchezaji mzuri wa dau dogo anaweza kuwashinda wenzake wote na bado akaishia na hasara.

Jakipoti ina utetezi wake: inavuta watu wa starehe, na meza ikijaa hao mjuzi hachukii. Kwa kawaida hulipwa pale mwenye karata nne za namba moja anapopigwa na mwenye karata kubwa zaidi. Aliyeshindwa ndiye huchukua sehemu kubwa, na waliokaa mezani nao hugawiwa. Lakini ni pesa ya wachezaji wenyewe, na zipo kasino zinazomega kidogo kwa gharama za uendeshaji. Anayecheza kila wiki anaweza kungoja zamu yake. Yule wa Newala anarudi na basi la alfajiri, mpaka msimu ujao. Chipu zake zimebaki tunduni.